Hedifoni zilizo wazi nyuma: vaa kwanza, sikiliza baadaye

Vaa hedifoni iliyo wazi nyuma, weka wimbo wenye gitaa la besi, kisha bonyeza vikombe taratibu kuelekea masikioni. Besi inajaa, sauti za juu zinageuka rangi, mwimbaji anasogea karibu. Ukiachia, mambo yanarudi yalivyokuwa. Kwenye amplifaya hakuna kilichoguswa, wala kwenye faili. Kilichobadilika ni milimita chache kati ya kiwambo (utando mwembamba unaotetemeka kutoa sauti) na sikio, na namna mto ulivyolala kwenye ngozi. Ndiyo maana siamini hukumu yoyote ya sauti iliyotolewa kabla hedifoni haijakaa vizuri kichwani. Mto wa sikio ni sehemu ya spika, kwa hiyo tathmini inaanzia kwenye mto.

Neno "wazi" huwachanganya wengi. Nyuma ya kiwambo pana wavu badala ya ukuta, kama ilivyokuwa kwenye Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968, moja ya hedifoni za kwanza za aina hii. Sauti ya nyuma inatoka nje, haigongi ukuta na kurudi kwenye kiwambo. Gharama yake ni kwamba aliye karibu anasikia muziki wako, na wewe unasikia feni yake. Upande wa mbele ni habari nyingine. Pale kati ya kiwambo na sikio pana chumba kidogo, na mlango wa chumba hicho ni mto. Mto ukiacha upenyo, besi inavuja.

Uvujaji huo hauzidhuru hedifoni zote sawasawa. Hedifoni za plana, yaani zile zenye kiwambo bapa kilichotandazwa nyaya nyembamba karibu na sumaku, huweza kushuka hadi Hz 30 (mitetemo 30 kwa sekunde) au chini zaidi bila besi kufifia, ila kwa sharti mto uwe umeziba. Mkono wa miwani wenye unene wa milimita 3 au 4 unatosha kuharibu sharti hilo. Hedifoni za koili, yaani zile ambazo kiwambo chake husukumwa na koili ya waya, kama Sennheiser HD 600, besi yake hushuka yenyewe chini ya Hz 60 hivi hata mto ukiziba vizuri, kwa hiyo mvaaji wa miwani haoni tofauti kubwa hivyo. Ukisoma kwamba hedifoni fulani ya plana "haina besi", uliza kwanza kama msemaji anavaa miwani, au kama nywele nene zilikuwa chini ya mto.

Kwenye kuvaa, utaratibu wangu ni huu. Naweka urefu wa ukanda wa kichwani kwanza upande mmoja, kisha wa pili, hadi sikio zima liwe ndani ya tundu la mto bila ndewe kukunjwa. Baadhi ya watu sikio moja liko juu kuliko lingine, kwa hiyo hesabu ya vituo vya ukanda kushoto na kulia si lazima ilingane. Halafu napitisha kidole pembeni mwa mto, hasa chini ya sikio nyuma ya taya. Hapo ndipo pengo hujificha, maana taya linaingia ndani na mto haulifuati. Natafuna hewa kidogo: besi ikipungua kila mdomo unapofunguka, mto haujaziba vya kutosha.

Dakika 5 za kwanza hazisemi lolote kuhusu starehe. Subiri 45 bila kuigusa, kisha uliza maumivu yako wapi, kwa sababu kila mahali pana sababu yake. Utosini, ni uzito umekusanyika kwenye eneo dogo. Hedifoni ya gramu 260 inaweza kuuma kuliko ya gramu 400 yenye utepe mpana unaoning'inia kama machela. Zile za plana zinazopita gramu 500 hazina msamaha: bila utepe mpana, shingo itakuambia. Mbele ya sikio au kwenye kipaji, ni mbano mkali. Ncha ya sikio kuwaka moto ni ishara kwamba linagusa kitambaa kinachofunika spika. Masikio mengi hujitokeza milimita 15 hadi 25, na mto wa kina cha milimita 20 ukishabonyea haukuachii nafasi. Hilo la mwisho huwa silivumilii. Mbano hulegea, utosi hutafutiwa pedi, lakini sikio linalogusa spika linahitaji mto mwingine, na mto mwingine unamaanisha sauti nyingine.

Mbano wa hedifoni mpya unaweza kupunguzwa. Kama upinde una chuma ndani, ivutie juu ya sanduku lililopita upana wa kichwa chako kwa sentimita 1 hadi 2, iache usiku kucha, ijaribu, rudia. Upinde wa plastiki tupu usiuvute. Hupata ufa kwenye kiungo cha kikombe. Na usizidishe hata kwenye chuma, kwa sababu mbano ukiisha, muhuri wa mto unaisha nao.

Ikishakaa, kagua ubovu kabla ya kufikiria ladha. Piga mvumo wa majaribio, ule unaosikika kama maporomoko ya maji, ukiwa mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Unapaswa kusimama katikati ya kichwa kama nukta. Ukiegemea kushoto, geuza hedifoni uivae kinyume: mwegemeo ukihama pamoja na kikombe, kosa ni la hedifoni au amplifaya, ukibaki upande uleule, ni sikio lako au namna ulivyovaa. Kisha piga toni inayopanda polepole kutoka Hz 20 hadi Hz 200 kwa sauti ya wastani. Mlio wa kukwaruza kati ya Hz 30 na Hz 80 mara nyingi ni unywele mmoja uliopenya kitambaa na kugusa kiwambo. Toa mto, angalia chini ya taa, uvute kwa kibano bila kugusa kiwambo chenyewe. Kwenye plana, mlio wa "krak" unapoibonyeza kichwani hutokana na hewa kusukuma kiwambo chepesi. Ukisikika wakati wa kuvaa tu, sauti haijaharibika.

Kulinganisha hedifoni mbili bila kusawazisha ukubwa wa sauti ni kupoteza muda. Ile inayopiga kwa nguvu zaidi hata kwa desibeli 1 itaonekana ina besi nono na maelezo mengi. Chukua CD ya zamani. Tundu lake la katikati lina kipenyo cha milimita 15. Pitisha humo maikrofoni ndogo ya kupimia, ziba pengo kwa gundi ya karatasi, laza mto juu yake, piga mvumo uliobanwa kati ya Hz 500 na Hz 2,000, halafu rekebisha hadi tofauti iwe chini ya desibeli 0.5. Kifaa hiki hakikuambii sauti halisi ya hedifoni, kwa kuwa CD si sikio. Kwa kusawazisha, kinatosha kabisa.

Sasa sikiliza. Besi ni rahisi: fuata gitaa la besi linaposhuka noti kwa noti, uone kama kila noti ina uzito sawa au kuna moja inayovimba. Sauti za kati zipime kwa binadamu anayezungumza, mwanamume na mwanamke, rekodi isiyo na mbwembwe. Sikio letu limezoea usemi tangu utotoni na hukamata kasoro haraka kuliko kwenye ala yoyote. Usemi ukisikika kana kwamba mtu amefunga kiganja mdomoni, eneo la Hz 2,000 hadi Hz 4,000 limezama. Tundu la sikio lenyewe hukuza sauti karibu na Hz 3,000, kwa hiyo hedifoni nzuri lazima ipande hapo. Mstari ulionyooka kwenye grafu ghafi ungesikika umekufa. Shabaha ya Harman, yaani mstari wa sauti ambao wasikilizaji wengi huupendelea, uliotokana na kazi ya mtafiti Sean Olive na wenzake, ina mwinuko huo pia.

Kazi ngumu iko juu ya Hz 5,000. Wimbi la Hz 8,000 lina urefu wa sentimita 4.3 tu, karibu sawa na mikunjo ya sikio, kwa hiyo sikio lako na langu zitapata matokeo tofauti kutoka hedifoni ileile. Grafu ya mtu mwingine hapo ni fununu, siyo hukumu. Piga toni inayopanda polepole kutoka Hz 4,000 hadi Hz 10,000, kwa sauti ndogo, na uandike ni wapi inachoma. Sogeza vikombe milimita 5 mbele, rudia. Mchomo ukihama, umetokana na mkao na sikio. Ukibaki palepale, ni wa hedifoni yenyewe. Sennheiser HD 800 ya mwaka 2009 ilijulikana kwa mwinuko wake karibu na Hz 6,000, na toleo la HD 800 S likaongezewa kifyonzaji ndani ili kuutuliza. Mwinuko wa namna hiyo unausikia kwenye "s" ya mwimbaji inayotoka kama upepo wa pampu ya baiskeli, na kwenye matoazi yanayobaki "tsss" bila mwili wa shaba. Ikwaliza, yaani programu au kifaa cha kupandisha na kushusha sehemu za sauti, inasaidia: shusha desibeli 3 mahali ulipopaandika, kwa mkunjo mwembamba, sikiliza siku mbili, kisha ndipo uongeze.

Kuhusu uwanja wa sauti, yaani hisia ya upana na nafasi za ala, nitasema kidogo, kwa sababu husifiwa kuliko unavyostahili. Tafuta rekodi ambayo ala zimepangwa kushoto, katikati na kulia, uone kama pana mashimo kati yake. Upana usio na katikati thabiti huchosha.

Amplifaya ipimwe kwa hesabu. HD 600 ina omu 300 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na hutoa desibeli 97 kwa volti 1. Ukitaka nafasi ya vilele vya desibeli 110, unahitaji desibeli 13 zaidi, yaani volti 4.5 hivi, ambazo ni milliwati 67. Adapta ndogo ya simu yenye volti 1 itatosheleza nyimbo nyingi, ila muziki wa okestra uliorekodiwa kwa sauti ya chini utakwama. Plana ya omu 37 yenye desibeli 94 kwa milliwati 1 inataka volti 1.2 pekee kufika hapohapo, lakini mkondo wake ni milliampea 33, mara mbili ya HD 600. Hiyo ni nafasi ya vilele, siyo kiwango cha kusikilizia: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na hedifoni wazi ndani ya chumba chenye kelele hukushawishi kupita hapo.

Angalia pia ukinzani wa kutolea wa amplifaya, yaani ule ulio kwenye tundu lake la hedifoni. Ukiwa omu 120, na hedifoni ya omu 300 ikapanda hadi omu 500 karibu na Hz 100, besi hapo inaongezeka desibeli 1 hivi. Wengine huupenda uvimbe huo. Mradi ujue ni wa amplifaya.

Mwisho, kabla ya kununua hedifoni iliyotumika, bonyeza mto kwa kidole gumba na uachie. Ukibaki umebonyea, kila unachosikia ni sauti ya mto uliochoka: sikio liko karibu mno na spika na sauti za juu zimehama. Agiza mito ya asili, ngozi kwa ngozi au mahameli kwa mahameli, kisha rudia majaribio yote tangu la kuvaa.