Kushindwa si ushahidi: dhana potofu kuhusu kampeni za mchujo wa urais Marekani

Kila baada ya miaka minne, mabaraza ya Mombasa hugeuka mahakama ya wanasiasa wa Marekani. Fulani ameanguka kwenye mchujo, basi kampeni yake ilikuwa ovyo, kesi imekwisha. Hukumu ya namna hii huwaonea watu, na hufunika kosa lenyewe lilipotokea. Tena tunapima kwa kipimo chetu. Huku kwetu mchujo tunaoujua ni wa ugavana, ubunge na uwakilishi wadi, ambapo mwenye kura nyingi ndiye anayepewa tiketi. Marekani mgombea urais hutafuta wajumbe, yaani watu watakaompigia kura kwenye mkutano mkuu wa chama, jimbo baada ya jimbo, kwa miezi.

Dhana: Aliyeshindwa aliendesha kampeni vibaya, aliyeshinda aliiendesha vizuri.

Mwaka 2016 chama cha Republican kilikuwa na wagombea wakubwa 17. Hata kama wote wangefanya kazi bila dosari, 16 wangeanguka tu.

Sasa mtazame mshindi. Mwaka 2020, katika chama cha Democratic, Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, majimbo mawili ya kwanza, na fedha zilikuwa haba. Alishinda South Carolina tarehe 29 Februari, wapinzani wake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajitoa na kumuunga mkono, na siku tatu baada ya ushindi huo akachukua majimbo 10 kati ya 14 yaliyopiga kura siku hiyo. Mojawapo ni Minnesota, ambako hakuwa amefanya kampeni ya maana. Kilichombeba ni jina lake, wapiga kura weusi wa South Carolina na uamuzi wa wapinzani wake. Ofisi zake mashinani zilichangia kidogo. Kwa hiyo uliza kwanza mgombea alianza na nini, kisha uone kampeni ilimwongezea au ilimpunguzia.

Dhana: Mwenye fedha nyingi akishindwa, timu yake imezifuja.

Wakati mwingine ni kweli. Michael Bloomberg, mpinzani mwingine wa Biden, alitumia zaidi ya dola bilioni moja mwaka 2020, akashinda visiwa vya American Samoa peke yake. Lakini matangazo yake hayakuwa kosa kubwa. Aliingia Novemba 2019 na kuyaruka majimbo manne ya mwanzo, na alipofika kwenye karatasi ya kura wenzake walikuwa wameshajipanga.

Lazima pia ujue fedha ziko mkononi mwa nani. Katika mchujo wa Republican wa 2016, kamati huru (kundi la nje linalochangisha fedha kumsaidia mgombea bila kuwa chini yake) iliyomuunga mkono Jeb Bush ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, naye akatoka na wajumbe 4. Kwa sheria, katika siku 45 kabla ya mchujo vituo vya televisheni humtoza mgombea bei ya chini kabisa. Kamati huru haina haki hiyo. Hulipa bei ya soko, ambayo mara nyingi ni ya juu zaidi, kwa hiyo dola ileile hununua muda mfupi. Wala kamati haiwezi kulipa mishahara ya wafanyakazi wa mgombea. Scott Walker, mgombea mwingine wa mchujo huo, alijitoa Septemba 2015, baada ya siku zipatazo 70, kwa sababu mfuko wa kampeni yenyewe ulikauka huku kamati iliyomuunga mkono ikiwa bado na mamilioni. Hilo ni kosa la uendeshaji hasa: aliajiri watu wengi mapema, akitegemea kuwa michango itaendelea kumiminika.

Ripoti za fedha za kampeni ziko wazi katika Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, na mtu yeyote anaweza kuzisoma akiwa Likoni au Kisauni. Soma tarakimu nne: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki na madeni. Halafu tazama wachangiaji. Katika mchujo wa Democratic wa 2008 mtu mmoja hakuruhusiwa kumpa mgombea zaidi ya dola 2,300 kwa ajili ya mchujo. Hillary Clinton aliwategemea sana waliofika kikomo hicho mapema, na hao huwezi kuwarudia. Waliompa Barack Obama dola 50 au 100 waliombwa tena mwezi uliofuata, wakatoa. Januari ile Clinton aliikopesha kampeni yake dola milioni 5.

Dhana: Majimbo makubwa ndiyo yanayoamua.

Katika chama cha Democratic, wajumbe hugawanywa kwa uwiano wa kura, na anayepata chini ya asilimia 15 hapati kitu. Tarehe 5 Februari 2008 Clinton alishinda New Jersey, penye wapiga kura zaidi ya milioni moja, kwa wajumbe 59 dhidi ya 48: faida ya 11. Siku hiyohiyo Obama alishinda Idaho, ambako walijitokeza watu kama elfu 21 tu, kwa wajumbe 15 dhidi ya 3: faida ya 12. Timu ya Obama ilikuwa imepeleka watu Idaho. Ya Clinton iliipuuza. Hapo lawama ni ya haki kabisa.

Dhana: Kosa huonekana jukwaani.

Wengi huamini kuwa Howard Dean, mgombea wa mchujo wa Democratic, aliangushwa na ukelele alioupiga jukwaani Januari 2004. Alipiga ukelele ule matokeo ya Iowa yakiwa yameshatoka, naye ni wa tatu kwa asilimia 18, mpinzani wake John Kerry akiwa na 38.

Makosa mazito hutokea mezani. Mwaka 2012 Virginia ilidai saini 10,000 za wapiga kura ili jina la mgombea liingie kwenye karatasi ya kura ya mchujo, zikiwemo angalau 400 kutoka kila eneo bunge, na yako 11. Katika mchujo wa Republican, Newt Gingrich, mkazi wa jimbo hilohilo, hakufikisha saini halali, wala mgombea mwenzake Rick Perry. Saini hukatwa kwa sababu mtu hakuandikishwa kupiga kura, au anwani haisomeki, au fomu imejazwa visivyo. Ndiyo maana timu makini hukusanya mara moja na nusu ya kiwango, na kuzikagua yenyewe kabla ya kuziwasilisha.

Ukitaka kuipima kazi ya mashinani, tafuta kaunti mbili zinazofanana kwa umri, kipato na historia ya kura, moja yenye ofisi ya kampeni na nyingine isiyo nayo. Linganisha asilimia alizopata mgombea huyohuyo katika kila moja. Zikiwa sawa, huenda ofisi ile haikuleta kura.