Kitanda kikizunguka, usikimbilie chumvi

"Presha imeshuka." Wiki hii pekee nimeambiwa hivyo na wagonjwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na presha ya kushuka. Wa mwisho, mama mmoja fundi cherehani, alikuwa analala kwa kuketi kwenye kochi wiki tatu mfululizo, maana kila akijilaza ubavu wa kulia chumba kinazunguka mpaka anatapika. Majirani walimpa soda, wakampa chumvi alambe. Akaja mwingine akasema hiyo presha imepanda, akamgawia vidonge vyake mwenyewe. Muda wote huo hakuna aliyempima. Nilipompima mimi, ilikuwa 124 kwa 78.

Presha ikishuka utaijua unaposimama: macho yanaingia giza, miguu inalegea, unaona kama unazimia. Haikungoji ugeuke kitandani. Kizunguzungu kinachokuja unapojigeuza, unapojilaza au unapoinua uso kuanika nguo kwenye kamba, kikazungusha dunia nusu dakika hivi kisha kikatulia, mara nyingi kinatoka sikioni. Ndani kabisa ya sikio mna vijiwe vidogo mno vya chokaa vinavyotusaidia kujua mwili umeinamia wapi. Vikibanduka vikaingia kwenye mojawapo ya mirija mitatu ya nusu duara, kila ukigeuza kichwa vinaporomoka na kusukuma maji yaliyomo, na ubongo unapata habari kwamba unazunguka wakati umelala tuli. Kugonga kichwa kunaweza kuvibandua, lakini kwa wengi hutokea tu, hasa baada ya miaka 50. Chumvi inaingilia wapi hapo? Na kwa mwenye presha ya kupanda kweli, chumvi hiyo ni hatari.

Kipimo chake hakitaki mashine, na kimejulikana tangu 1952. Nilimketisha yule mama kitandani, nikamgeuza kichwa kulia nyuzi 45, nikamlaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Sekunde chache hakuna kitu. Halafu macho yakaanza kucheza, yakijizungusha kuelekea sikio la chini, naye akanikamata mkono kwa mikono yake miwili. Nikamwomba asiyafumbe. Yalipotulia nikangoja dakika moja, nikakigeuza kichwa kushoto, nikangoja tena. Nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, nikangoja. Nikamketisha polepole. Kwa mikao hiyo vijiwe hurudishwa mahali ambapo havisumbui. Daktari wa Marekani, John Epley, aliichapisha njia hiyo mwaka 1992. Tulirudia mara moja tu, na usiku ule alilala kitandani kwake.

Naomba msiige hili kwenye video za simu kabla hamjapimwa. Ukikosea sikio hutapata nafuu, na mwenye shingo mbovu anaweza kujiumiza. Tena kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili au mkono kukosa nguvu, usije kwangu. Kimbia hospitali saa hiyohiyo, hicho kinaweza kuwa kiharusi.

Mengine nayasema kwa kifupi.

Si kila maumivu ya kichwa ni macho. Yanayoanzia kisogoni, upande mmoja, yakaongezeka ukigeuza shingo, mara nyingi yanatoka kwenye viungo vya juu vya shingo, na miwani haitayagusa. Na wewe mwenye kipandauso unayemeza parasetamo siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu sasa: vidonge hivyo vyenyewe vinaweza kuwa ndivyo vinavyokuuma kichwa.

Kusaga meno usingizini hakuletwi na minyoo. Dawa ya minyoo inatibu minyoo.

Taya linalolia "ta" ukipiga miayo halijateguka. Kama haliumi na mdomo unafunguka vizuri, liache. Jipime: ingiza vidole vitatu vya mkono wako vikiwa wima kati ya meno ya mbele. Vikiingia, mdomo unafunguka vya kutosha. Visipoingia, au taya likigoma njiani, njoo. Lakini usikubali kung'olewa jino lisilo bovu kwa sababu tu upande huo unauma. Nimepokea watu waliopoteza magego mawili, na maumivu yakabaki palepale kwenye msuli wa kutafunia.

Kwa maumivu ya taya, zoezi ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Midomo ifungwe, ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya juu, na meno yasigusane. Meno ya juu na ya chini yana kazi ya kukutana ukitafuna na ukimeza, basi. Kila simu yako ikilia, kabla hujapokea, angalia: meno yamebanana? Yaachanishe. Na hiyo bablishi, iteme.