Usonji darasani: mwalimu, huyo si mkaidi

Shule hufunguliwa Januari. Ikifika mwisho wa Februari, foleni ya kliniki yetu ya watoto inaanza kubadilika. Wanakuja akina mama walioitwa shuleni wakaambiwa, "Mchukue mwanao, akitulia mrudishe." Mtoto ana miaka sita, saba, mwingine tisa. Wengine wana alama za fimbo mapajani. Masikio hayajawahi kupimwa, hakuna aliyemchunguza, lakini adhabu ameshapata za kutosha. Maswali haya ndiyo walimu na wazazi wanayoniuliza kila wiki, na nayajibu hapa kama ninavyoyajibu pale mezani.

Usonji ni nini?

Ni tofauti ya ukuaji wa ubongo. Mtoto huzaliwa nayo, na dalili hujitokeza katika miaka ya mwanzo. Kuwasiliana na kuchangamana na watu kunamwia vigumu, anashikilia mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, na mara nyingi sauti, harufu, mwanga au mguso humwingia kwa nguvu kuliko inavyokuingia wewe. Hauambukizi. Si kichaa wala si laana. Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi lilikadiria karibu mtoto 1 katika kila 100, na karibuni linataja karibu mtu 1 katika kila 127, kwa hiyo mwalimu mwenye darasa la watoto 100, na nawafahamu kadhaa, asiseme kwake hayupo.

Hawafanani. Mmoja hana neno hata moja. Mwingine anasoma gazeti akiwa na miaka mitano lakini hawezi kukwambia ana kiu.

Namwita haitiki, hasalimii, nikimgombeza ananiiga. Huo si ukaidi?

Si ukaidi. Naomba nieleze taratibu, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapoumizwa.

Mtoto hasemi shikamoo, na kwetu hilo ni kosa kubwa. Lakini shikamoo inamtaka atambue kwamba umefika, akupime kuwa wewe ni mkubwa wake, achague neno, alitoe kwa wakati wake. Mtoto mwingine hulifanya hilo bila kufikiri. Huyu anahitaji kufundishwa hatua kwa hatua, kama unavyofundisha kujumlisha.

Unamwuliza "Hujambo?" naye anajibu "Hujambo?" Wewe unasikia dhihaka. Yeye anarudisha sauti ileile aliyoipokea, kwa kuwa bado hajajua kuigeuza iwe "sijambo". Ndivyo pia anavyosema "unataka maji" wakati mwenye kiu ni yeye: hivyo ndivyo mama yake anavyomwambia akimpa kikombe.

Halafu kuna zile kauli zetu. "Hebu rudia tena uone!" Atarudia, kwa sababu umemwagiza arudie. "Toka nje uone!" Atatoka. Nimesikia mama akisimulia jinsi mwanawe alivyochapwa mara tatu kwa jambo moja, na kila mara mwalimu alikuwa amemwambia arudie. Mtoto alitii agizo, akachapwa kwa utiifu wake.

Macho nayo. Nyumbani mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa kwa adabu, basi dalili inapita bila mtu kuigundua. Akifika shule anaambiwa "niangalie ninaposema nawe", akishindwa anaitwa jeuri.

Asiyeitika jina apimwe usikivu kwanza. Kila mara. Wapo tuliowapokea wakiwa wameitwa wabishi kumbe hawasikii.

Viboko vichache tu je? Sisi tulichapwa tukanyooka.

Hapana.

Adhabu humfunza mtoto anayeweza kuunganisha kosa na maumivu. Mtoto aliyeziba masikio na kupiga kelele kwa sababu kengele ya rimu imegongwa karibu naye hana kosa la kuliunganisha na fimbo. Anachojifunza ni kwamba shule ni mahali pa kelele, na baada ya kelele huja maumivu.

Sheria nayo iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Hapa Tanzania, kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinasema adhabu haina uhalali ikizidi kiasi kwa umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili, au kama mtoto hawezi kuelewa lengo lake. Kanuni za viboko za 2002 zenyewe zinamruhusu mwalimu mkuu, au yule aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Fimbo ya mwalimu wa zamu getini haimo humo. Jirani zetu Kenya wamekwisha kuvipiga marufuku kabisa mashuleni.

Mbona nilipomchapa alitulia?

Aliganda kwa hofu, hakutulia. Natamani walimu wangekuwa nami miezi mitatu baada ya hapo, maana mimi ndiye ninayeletewa matokeo. Mtoto aliyekuwa na maneno kumi anabaki na mawili. Anaanza kujing'ata kiganja mpaka ngozi inaota sugu. Halali. Akiona sare asubuhi anatapika. Mama anadhani ugonjwa umezidi, mtoto anapelekwa kwa mganga, anarudi na chale. Na shuleni wanasema, "Tulimwambia huyu mtoto ana mapepo."

Kwa hiyo jibu ni lilelile: hapana. Si kwa fimbo, si kwa kofi, si kwa kumpigisha magoti juani, si kwa kumfunga na kanga kwenye dawati "ili akae". Hilo la kumfunga nimelikuta zaidi ya mara moja. Aliyelifanya huwa si mtu mbaya, amechoka. Lakini mtoto aliyefungwa hajafundishwa kitu.

Sasa anapolipuka, anapiga kelele na kugonga kichwa, nifanyeje?

Punguza kila kitu. Watoe watoto wengine karibu naye, au mwondoe yeye kwenye kelele kama anakubali kushikwa. Usimzunguke na watu watano. Sema maneno machache, kwa sauti ya chini: "Uko salama. Kaa hapa." Weka sweta lililokunjwa kati ya kichwa chake na ukuta. Usimdai majibu wala msamaha. Subiri, inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa arobaini.

Akishatulia, andika kilichotangulia. Saa ngapi? Kengele? Ngoma ya mchakamchaka? Mgeni? Ratiba ilibadilishwa? Baada ya wiki mbili daftari hilo litakufundisha kuliko mimi.

Tahadhari moja. Akianguka, akakakamaa au kutetemeka na kupoteza fahamu, huenda ni kifafa, na kifafa huwapata watoto hawa zaidi kuliko wengine. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika tano, hospitali mara moja. Ikiisha mapema, bado apelekwe siku hiyo.

Anajikojolea darasani, na ana miaka saba!

Mwulize mama yake kama nyumbani hujikojolea. Mara nyingi atakwambia hapana. Choo cha shule kina harufu inayomchoma, kina giza, kina foleni ya watoto wanaosukumana. Anajizuia tangu asubuhi mpaka mkojo unamshinda saa tano. Mpeleke kabla ya mapumziko, peke yake, kila siku saa ileile. Kumchapa kwa kujikojolea ni kumwongezea sababu ya pili ya kuogopa choo.

Darasa lina watoto 90 na niko peke yangu. Haya yote nitayafanya saa ngapi?

Nakuelewa, na serikali inapaswa kukuelewa zaidi yangu. Ila mengi hayahitaji fedha. Mkalishe mbele, pembeni, mbali na kengele. Kata boksi, chora picha tano: paredi, darasa, uji, choo, nyumbani. Zipange kwa mfuatano, na kila kitu kikiisha ageuze picha. Mtoto anayejua kinachofuata halipuki ovyo. Mwonye kabla kengele haijagongwa, mruhusu azibe masikio. Agizo moja kwa wakati: "kwanza andika, halafu uji." Mchagulie rafiki mmoja mpole wa kwenda naye mapumziko, na mwambie rafiki huyo sababu. Watoto huelewa haraka kuliko sisi.

Tumtoe nje, au akae nyumbani mpaka atulie?

Hapana, na hapana tena. Mtoto aliyetolewa nje hakai mlangoni. Watoto hawa huondoka kimyakimya, wengi wanavutwa na maji, na shule zetu zimepakana na visima, mito na barabara kuu. Ukimtoa darasani bila mtu wa kumwangalia, umemtuma huko.

Na hiyo ya "akitulia mrudishe": atatulizwa na nani? Nyumbani hakuna mwalimu, mara nyingi hakuna hata mtu mzima, mama yuko sokoni. Nimewapokea waliokaa hivyo miaka mitatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma sawa na wenzake. Usimfukuze. Mwandikie barua aje kupimwa, na aendelee kuja shule wakati anasubiri.

Wavulana si huchelewa kuongea? Tumpe muda.

Muda ndio mliokwisha kumpa. Wazazi wengi huhudhuria kliniki mpaka chanjo ya surua ya miezi 18, kisha kadi inafungiwa kabatini. Kutoka hapo mpaka darasa la awali hakuna mtaalamu anayemtazama mtoto yule. Ndiyo maana nawaambia walimu wa awali: baada ya muuguzi wa chanjo, wewe ndiye jicho linalofuata.

Mtoto wa miezi 12 asiyegeuka kwa jina lake, wa miezi 18 asiyeonyesha kitu kwa kidole, wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, au wa umri wowote aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo: apelekwe wiki hii, asisubiri likizo. Kwamba babu yake naye alichelewa kuongea haibadilishi neno. Akikutwa mzima, mmepoteza nauli. Mkisubiri na kumbe ana usonji, mmepoteza miaka ambayo ubongo wake ulikuwa tayari zaidi kujifunza.

Umesababishwa na nini? Simu? Chanjo? Mama kumdekeza?

Kurithi kuna nafasi kubwa. Chanjo hapana: andiko la 1998 lililoanzisha uvumi huo lilifutwa mwaka 2010 na jarida lililolichapisha. Malezi ya mama hapana. Saa nyingi za simu ni mbaya kwa mtoto yeyote, lakini haziumbi usonji. Sikai sana kwenye swali hili, kwa sababu nimeona familia zikitafuta mchawi mwaka mzima huku mtoto hajafundishwa hata kuomba maji.

Dawa ipo?

Ya kuuponya haipo. Anayekuuzia chupa anakuibia. Daktari anaweza kutoa dawa ya kifafa, usingizi au hasira kali. Kinachomjenga ni mafunzo: tiba ya usemi, tiba kwa vitendo (kumzoesha shughuli za kila siku kama kula na kuvaa), na darasa linalomkubali.

Je, ahamie shule maalumu?

Wengine ndiyo, wengine hapana. Aamue mtu aliyempima, si mwalimu aliyechoshwa naye. Ipo mifano ya shule za kawaida zenye kitengo cha usonji ndani yake, kama Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa Chuo cha Patandi, Arusha. Ofisi ya elimu ya wilaya ina afisa wa elimu maalumu. Mwulize kitengo kilicho karibu. Wakati huohuo mtoto yuko darasani kwako, na leo ana somo.

Nimwambieje mzazi? Nikitaja usonji anasema namwita mwanawe kichaa.

Basi usiutaje. Kuupima si kazi yako. Mwite peke yake, si mbele ya wenzake wala kwenye kikao cha wazazi, na anza na unachokipenda kwa mtoto: "Mama fulani, mwanao anajua namba kuliko wote." Kisha mwambie ulichokiona, si unachokidhania. Andika barua fupi aende nayo hospitali ya wilaya: huziba masikio kengele ikilia, hurudia swali badala ya kulijibu, hachezi na wenzake, tangu lini, umejaribu nini. Barua kama hiyo hutupunguzia kazi kubwa. Nyingi ninazoletewa zina mstari mmoja tu, "mtoto huyu ni msumbufu", na kutoka hapo inabidi nianze kumwuliza mama upya, naye mama wakati huo analia.