"Lakini hawa tumeshawapeleka semina"

Matokeo yakishuka katika shule ya mjini, jibu huwa lile lile: "Lakini hawa walimu tumeshawapeleka semina." Siku tatu ukumbini, cheti mkononi, kisha Jumatatu darasa la wanafunzi 60 linafundishwa vilevile kama mwezi uliopita. Hapo mwalimu huitwa mvivu. Anaonewa.

Semina humpa mwalimu maarifa, haimpi mazoea. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa mafunzo ya walimu Bruce Joyce na Beverly Showers walieleza kwamba nadharia, maonyesho na mazoezi ya ukumbini peke yake ni nadra kufika darasani, mpaka apatikane mtu wa kumfuatilia mwalimu akiwa kazini.

Chukua jambo dogo kama kusubiri baada ya kuuliza swali. Mtafiti wa ufundishaji Mary Budd Rowe alikuta walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Wakifika 3, majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujibu. Ukumbini kila mwalimu hukubali. Darasani, kelele za mkondo wa jirani zikiingia dirishani, kimya humtia hofu na swali analijibu mwenyewe.

Tabia hiyo huondoka hivi. Mfuatiliaji, yaani mwalimu mkuu au msaidizi wake, akae nyuma dakika 15 akiwa na saa, aandike kila swali, sekunde zilizosubiriwa na safu alikoketi aliyejibu. Siku hiyo hiyo wakae dakika 10. Mwalimu akiona kwamba katika maswali 14, 11 yamejibiwa na safu mbili za mbele, hahitaji hotuba. Apewe jambo moja tu: aulize, ahesabu kimoyomoyo hadi tatu, ndipo ataje jina. Jina likitangulia swali, wengine 59 wamepumzika. Kisha asimame pale pale ajaribu jambo hilo kwa swali la somo la kesho. Hatua hii ndiyo inayorukwa mno, na bila hiyo mliyoongea yanabaki maneno. Baada ya wiki mbili mfuatiliaji arudi kuangalia jambo lilo hilo.

Kazi huharibika mfuatiliaji anapokuja na fomu ya ukaguzi ya vipengele 30: mwalimu huondoka na mapendekezo tisa, asitekeleze hata moja. Huharibika pia maelezo yale yakiingia kwenye faili la kupandishwa cheo. Tangu siku hiyo utaonyeshwa somo la maonyesho, lililokaririwa na wanafunzi. Tenganisheni kumsaidia mwalimu na kumpima, tafadhali.

"Mwalimu mkuu hana muda huo." Piga hesabu. Walimu 30, kila mmoja mara moja kwa wiki mbili, ni walimu 3 kwa siku. Mkuu, makamu na mwalimu wa taaluma wakigawana, kila mmoja ana mwalimu 1, dakika 25. Ziwekwe kwenye ratiba kama kipindi, maana zikiachiwa "nikipata nafasi" zitamezwa na wazazi waliopanga foleni mlangoni. Mtafiti Viviane Robinson na wenzake, walipolinganisha kazi za uongozi wa shule mwaka 2008, walikuta iliyohusiana zaidi na ufaulu wa wanafunzi ni kiongozi kuhimiza na kushiriki mwenyewe mafunzo ya walimu wake. Kufungua semina na kuondoka si kushiriki.

"Mwalimu hodari atakuwa mkuu hodari." Kuwafundisha watoto ni ufundi mmoja, kumrekebisha mtu mzima bila kumvunja moyo ni mwingine. Ajifunze kwanza akiwa makamu, akifuatana na mkuu mzoefu kwenye madarasa.

"Darasa kubwa linataka ukali." Fujo nyingi huzuka kwenye mapito: kugawa madaftari, kubadili kazi, kutoka nje. Fundisheni mapito hayo wiki ya kwanza kama somo. Madaftari yapite kwa safu, kuanzia mwanafunzi wa pembeni, na mwalimu asitoe maelekezo ya kazi mpaka daftari la mwisho lifike.