Je, wajua kwa nini kobe mwenye afya njema anaweza kumlaza mtu hospitalini?

Kobe anakula vizuri, macho yake yanang'aa, gamba lake gumu, anatembea mwendo wake ule ule wa siku zote. Ukimpeleka kwa daktari wa wanyama utaambiwa hana tatizo, na daktari atakuwa amesema kweli. Hata hivyo kobe huyo, bila kuugua hata siku moja, anaweza kumpa mtu anayeishi naye ugonjwa wa kuhatarisha maisha, hasa ikiwa kinga ya mwili wa mtu huyo imeshuka. Inakuwaje?

Jibu limo utumboni mwake. Nyoka, mijusi, kobe na reptilia wengine kwa kawaida hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote. Kwao bakteria hao si ugonjwa, ni wakazi. Ndiyo maana kumtazama mnyama hakukuambii lolote. Kumpima kinyesi nako hakutoshi, kwa sababu bakteria hutoka kwa vipindi: leo wamo, wiki ijayo hawaonekani, kisha wanarudi, hasa mnyama akisumbuka kwa kusafirishwa au kuhamishwa makazi. Majibu ya kwamba hana ni habari ya siku ile tu. Wapo waliojaribu kuwasafisha kobe kwa antibayotiki. Bakteria hawakuisha, na waliosalia wakawa sugu kwa dawa.

Kwa hiyo usalama hautafutwi kwa mnyama. Unatafutwa katika njia inayotoka tumboni mwake hadi mdomoni mwa mtu, na njia hiyo ni fupi kuliko wengi wanavyodhani.

Chukua kobe wa majini anayeishi kwenye tangi la kioo. Anajisaidia ndani ya maji yale yale anayoogelea, nayo bado yanaonekana maangavu. Anapanda juu ya jiwe kuota joto, maji yanakauka mgongoni, bakteria wanabaki gambani. Unamwinua kumhamisha. Simu inaita, unaipokea kwa mkono ule ule. Baadaye unanawa kwa sabuni, unaketi kula, simu iko kando ya sahani. Unaigusa mara moja kutazama saa, kisha unarudi kwenye chakula. Mikono ilinawiwa vizuri kabisa. Simu haikunawiwa.

Mwaka 1996 jambo la namna hii lilitokea katika bustani ya wanyama ya Denver, Marekani. Makumi ya watu, wengi wao watoto, waliugua salmonela baada ya kwenda kuwaona kenge wa Komodo, wale mijusi wakubwa kuliko wote duniani. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba wagonjwa hawakuwa wamewagusa wanyama wenyewe. Walikuwa wameshika uzio wa mbao uliowazunguka. Walionawa mikono baada ya kutoka pale walikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua kuliko wenzao. Kisa hiki ndicho kinachonifanya nisiridhike mtu anaposema, "Mimi simshiki, namwangalia tu." Salmonela inaweza kukaa muda mrefu kwenye mbao, nguo, zulia na meza, na watoto wachanga wamewahi kuugua katika nyumba yenye reptilia bila kumgusa kabisa.

Sasa kwa nini mmoja aharishe siku chache apone, na mwingine aishie chumba cha wagonjwa mahututi?

Kizuizi cha kwanza ni asidi ya tumbo, ambayo huua sehemu kubwa ya bakteria wanaomezwa. (Anayetumia dawa za kupunguza asidi, kama omeprazole, amekilegeza kizuizi hicho, na wengi hawalijui hili.) Wanaopenya huleta kuhara, homa na msokoto wa tumbo, mara nyingi kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kumezwa. Kwa mtu mwenye kinga timamu hali hiyo kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 4 hadi 7.

Lakini salmonela ina ujanja wake. Mwilini kuna seli walaji, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviua. Salmonela hukubali kumezwa, kisha hujificha na kuzaliana humo humo ndani. Ili seli iweze kumuua mgeni huyo, inahitaji kuamshwa na ishara kutoka kwa seli nyingine za kinga, zikiwemo CD4. Hapo ndipo mambo huharibika. VVU visivyodhibitiwa hupunguza CD4. Dawa anazotumia aliyepandikizwa figo ili mwili usiikatae hufifisha ishara hizo, na dawa za steroidi zikitumiwa muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Tiba ya saratani kwa kemikali hupunguza seli nyeupe zenyewe. Bakteria hutoka utumboni wakaingia kwenye damu, na damu huwafikisha kwenye mifupa, viungo, hata utando wa ubongo. Mwenye selimundu ana hatari ya pekee: wengu wake haufanyi kazi ipasavyo, na salmonela hupenda kushambulia mifupa yake.

Ushauri wa mamlaka za afya ni kwamba mwenye kinga dhaifu asifuge reptilia. Watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 65 na zaidi nao wamo katika kundi la tahadhari. Nchini Marekani, tangu 1975, ni marufuku kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia kobe wadogo mdomoni. Nami nasema wazi: kama bado hujamleta mnyama wa aina hii nyumbani na kinga yako imeshuka, usimlete.

Ila najua wapo ambao mnyama alitangulia na ugonjwa ukafuata. Mtu ameishi na kobe wake miaka kumi na tano, kisha anaambiwa ana saratani ya damu. Kumwambia "mtupe" ni ukatili, na wengine wakiambiwa hivyo humficha daktari. Mwambie daktari ukweli, mpange pamoja. Kuna vipindi ambavyo hakuna mjadala: wakati seli nyeupe zimeshuka kwa sababu ya tiba, na miezi ya mwanzo baada ya kupandikizwa kiungo au uboho. Katika vipindi hivyo mnyama ahamie kwa ndugu au rafiki asiye na mtu wa hatari nyumbani kwake. Asiachiwe porini, maana atakufa au atawaletea wanyama wa huko madhara.

Mnyama akibaki nyumbani, kazi ya kusafisha aifanye mwingine. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Ikiwa huna mtu, vaa glavu, na ukizivua unawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Dawa ya kupaka mikononi kuua vijidudu ni ya dharura tu, haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu. Weka nguo maalumu ya kazi hiyo, na simu iache chumba kingine.

Jikoni ni mwiko. Mnyama asitembee humo, na tangi, vyombo na mawe yake yasioshwe kwenye sinki la vyombo vya chakula. Osha nje ikiwezekana, kwa beseni na brashi zisizotumika kwa kingine, na maji machafu uyamwage chooni. Anza kwa sabuni hadi uchafu utoke, ndipo utumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa sababu klorini huishiwa nguvu ikikutana na kinyesi. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi, hutoa hewa yenye sumu.

Wafugaji wengi wa nyoka husahau kwamba hatari imo pia kwenye chakula chake. Panya waliogandishwa wanaouzwa kwa ajili ya nyoka hubeba salmonela pia, na baridi ya friji haiwaui bakteria hao. Wasihifadhiwe pamoja na chakula cha watu, wala wasiyeyushwe kwenye kifaa cha kupashia chakula.

Mikwaruzo nayo isidharauliwe. Kwenye maji ya matangi huweza kuishi bakteria mwingine, jamaa wa yule wa kifua kikuu, anayeingilia kwenye mchubuko. Huanza kama uvimbe mdogo kidoleni, hauumi sana, lakini wiki zinapita na hauponi, kisha uvimbe mwingine unajipanga kuelekea kwenye kiwiko. Ukiumwa kwa meno au kukwaruzwa na mnyama, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, na kwa mwenye kinga dhaifu safari ya kliniki ni siku hiyo hiyo.

Na homa ikipanda usisubiri kuona kama kuhara kutafuata. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, salmonela inaweza kuwa kwenye damu huku tumbo likiwa limetulia kabisa. Huenda dalili pekee ikawa homa, au maumivu ya mfupa mmoja. Ukifika hospitalini sema mapema, hata kabla hujaulizwa: "Nyumbani nafuga kobe." Sentensi hiyo inaweza kumfanya daktari achukue damu ya kuotesha bakteria saa ile ile badala ya kesho yake.