Fikra za usanifu ni nini? Mfano wa tokeni za stima

Fikra za usanifu ni namna ya kutatua tatizo kwa kuanza na mtu anayeishi nalo. Unamsikiliza na kumtazama, unalitaja tatizo upya kwa jinsi ulivyolielewa, unawaza majibu mengi, unatengeneza sampuli ya bei rahisi, kisha unampa aijaribu. Hatua tano hizo ndizo zinazofundishwa katika taasisi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni David Kelley wa kampuni ya usanifu ya IDEO. Wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1969 Herbert Simon, msomi wa Marekani, alikuwa tayari ameandika kwamba yeyote anayepanga jinsi ya kuitoa hali iliyopo na kuifikisha pale anapopataka, anasanifu. Kwa hiyo si kazi ya wachoraji na wahandisi peke yao.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili jijini Nairobi, tumwite Mueni. Rafiki yake amepanga nyumba Roysambu na wenzake watatu, na wote wanne wanatumia mita moja ya tokeni, yaani stima inayolipiwa kabla ya kutumiwa. Stima inawaishia usiku, tena usiku ule ambao mmoja wao ana asainimenti ya kuwasilisha asubuhi. Mueni anasomea kompyuta, kwa hiyo jibu analo hata kabla rafiki yake hajamaliza kulalamika: programu ya simu ya kuwakumbusha wanunue tokeni mapema.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia. Angemuuliza, “Ungependa programu ya kukukumbusha?” rafiki angeitikia ndiyo, maana nani anataka kumvunja mwenzake moyo? Swali la namna hiyo linaomba idhini tu. Fikra za usanifu zinataka aulize kilichotokea.

“Mara ya mwisho stima kuisha ilikuwaje?”

“Ilikuwa saa nne usiku. Nikanunua mimi, ya mia moja.”

“Mbona ya mia moja?”

“Ya mia tano ya nini? Nikinunua ya mia tano, kuna mtu ataipikia maharagwe kwa lile jiko lake la koili hadi iishe, na hatanunua.”

Jibu hilo la mwisho lina thamani kuliko dodoso la kurasa kumi. Mueni akiomba kuonyeshwa mita, anagundua jambo la pili. Ukilipia tokeni kwa simu, zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita zinakuja kwa ujumbe kwenye simu yako wewe. Wenzako wanachokiona ni taa kuwaka tu. Aliyenunua anajiona ndiye mnunuzi wa kila siku, na wale wengine watatu nao wanajiona hivyo hivyo. Kila mmoja ananunua kidogo ili asinyonywe, na kwa sababu wote wananunua kidogo, stima inaisha kila mara.

Sasa tatizo linaweza kutajwa upya. Mwanzo lilionekana kuwa la usahaulifu. Sasa linasomeka hivi: watu wanne wanaotumia mita moja wanahitaji kuona nani amenunua na kiasi gani, ili waweze kununua nyingi kwa pamoja bila kushukiana. Programu ya Mueni ingewakumbusha watu ambao hawakuwa wamesahau. Kwangu mimi hatua hii ndiyo kiini cha mbinu yote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Nimeona semina ambapo ukuta mzima unajazwa vikaratasi vya rangi kutwa nzima, na mwenye tatizo hata hayupo chumbani.

Kuwaza majibu hakuchukui muda mrefu tatizo likishakaa sawa: kuchanga kila mwanzo wa mwezi, kununua kwa zamu, kikundi cha WhatsApp cha kutuma risiti, mwenye koili kuongeza kidogo, karatasi kando ya mita. Unaandika yote kwanza, hata ya kuchekesha, ndipo unachagua.

Mueni anachagua karatasi, kwa kuwa ndiyo rahisi kuitupa ikishindwa. Anachora safu nne: tarehe, aliyenunua, shilingi, yuniti zilizobaki. Kalamu anaifunga kwa uzi, maana katika nyumba ya wanafunzi kalamu hupata miguu. Kisha anaondoka bila kuwahubiria. Akirudi baada ya wiki, majina na shilingi zimejazwa, safu ya yuniti iko tupu, na pembeni kuna mtu ameandika, “Koili inakula ngapi?” Safu waliyoipuuza na swali ambalo hakuna aliyewaomba waandike vinamrudisha kwenye kusikiliza, safari hii akianza na mwenye koili. Hatua tano hazifuatani kama vituo vya matatu. Unaweza kurudi nyuma wakati wowote.

Jaribio linaweza kugeuza hata mradi mkubwa. M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa wakopaji walipe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa waijaribu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikouzwa kwa wananchi.

Yapo mambo ambayo mbinu hii haiyafikii. Mita ikiharibika, anatakiwa fundi wa Kenya Power. Na bei ya yuniti ikipanda, karatasi ya Mueni haitaishusha. Viwango hivyo huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya Kenya ya kusimamia nishati.