Jogoo hana pa kwenda: dhana kuhusu makimbilio ya mifugo

Dhana: Wanyama wa makimbilio, yaani vituo vinavyowalea mifugo waliookolewa au kuachwa, wametoka mashamba makubwa.

Wengine ndiyo. Farm Sanctuary, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1986, ilianza na kondoo aliyekutwa hai kwenye lundo la mizoga penye mnada wa mifugo, wakamwita Hilda. Lakini wengi wanaoletwa siku hizi wametoka nyuma ya nyumba za watu: kuku ndani ya boksi, mbuzi aliyekwisha kuruka kila ua, nguruwe aliyenunuliwa akidaiwa hatakua mkubwa. Wenye nyumba hizo si watu wakatili. Baadhi yao walianza kufuga kwa sababu hiyohiyo, kwamba hawapendi yanayotendeka mashamba makubwa.

Dhana: Jogoo hakosi pa kwenda.

Hakuna anayekosa kama yeye. Mayai yakianguliwa, karibu nusu ya vifaranga ni madume, na kwa aina nyingi za kuku, kifaranga cha siku moja huwezi kumjua kwa kumtazama tu. Hata mafundi wa kutenganisha jinsia hukosea. Mtu ananunua mitetea, miezi michache baadaye mmoja wao anawika. Miji mingi inayoruhusu mitetea inakataza majogoo, basi simu zinaanza kupigwa kwenye makimbilio.

Huko zinakopigwa, jibu la kawaida ni hapana. Majogoo wengi kwa mitetea wachache ni vita, na mitetea ndio wanaonyonyoka manyoya mgongoni kwa kupandwa kila mara. Vipo vituo vinavyofuga majogoo peke yao, na kwa kuwa hakuna mtetea wa kugombewa, mara nyingi wanaelewana vizuri kuliko unavyodhani. Ila banda hilo nalo hujaa. Mradi unaonikera zaidi ni wa mashine ya kutotolesha iliyowekwa darasani: siku 21 watoto wanasubiri kwa hamu, na siku ya 22 haimo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Dhana: Kuku aliyeacha kutaga amebakiza siku chache.

Utagaji hupungua baada ya miaka miwili au mitatu, ilhali kuku anaweza kufika miaka minane na kuipita. Shida ni afya. Kuku mwitu wa Asia, babu wa kuku wote tunaowafuga, hutaga mayai machache tu kwa msimu. Wa kisasa aliyechaguliwa kwa kutaga hupita 250 kwa mwaka. Mwili unachakaa kwa kazi hiyo: yai kukwama, maambukizi, uvimbe kwenye viungo vya uzazi. Daktari wa mifugo anaweza kumpandikizia dawa ya homoni ili apumzike kutaga, lakini dawa huisha nguvu, sharti irudiwe. Kwa hiyo kumlea kuku mstaafu kunaweza kugharimu kuliko kumlea alipokuwa akitaga.

Dhana: Bata akiachiwa bwawani amerudi kwao.

Bata mweupe wa kufugwa ni mzito, haruki, na rangi yake inamwita kila mnyama mla nyama.

Dhana: Kituo kizuri hakikatai mnyama.

Kizuri ndicho kinachokataa. Mgeni hukaa karantini kwanza, na mafua ya ndege aina ya H5N1 yanapozagaa, mlango wa kuku na bata unaweza kufungwa kabisa. Kituo cha kweli pia hakizalishi wanyama wapya. Madume wa mbuzi, kondoo na nguruwe huhasiwa. Ukikuta watoto wa mbuzi wanazaliwa kila msimu mbele ya wageni wenye kamera, uliza maswali. Global Federation of Animal Sanctuaries, shirika lililoanzishwa mwaka 2007, huthibitisha vituo vinavyotimiza viwango vyake.

Kabla ya kupiga simu, uwe na umri wa mnyama, jinsia, chanjo na dawa alizopata, na picha zake. Sema kama unaweza kuendelea kumlea wakati nafasi inatafutwa, na kama utachangia chakula chake. Mwenye kituo anaulizwa nafasi kila siku. Anayeulizwa pamoja na mchango, hata mdogo, ni nadra.